Stripu Chini ya Mkeka: Kuishi na Vitu Vidogo vya Kisukari Nyumbani

Siku ya kuruhusiwa hospitali, mtu aliyeanzishiwa insulini hutoka na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake mna kichupa kimoja au viwili vya insulini, mabomba machache ya sindano, mashine ya kupimia sukari akibahatika, kikopo cha stripu, vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu kwenye mashine, na daftari la kliniki. Mfuko mwepesi, unaning'inia kwenye kidole kimoja. Miezi mitatu baadaye vilivyokuwa mle vimeenea nyumba nzima. Stripu iliyotumika imenasa chini ya mkeka. Kifuniko cha sindano kimo ndani ya kapu la vitunguu. Kisindano cha kutobolea kidole kiko mfukoni mwa kanzu inayosubiri kufuliwa, na kichupa cha insulini kinatafutwa tangu alfajiri, kumbe kimesukumwa nyuma ya jagi kwenye friji hadi kikaganda.

Anayeanza maisha haya hufikiri vita vitakuwa vya chakula. Chakula kina kazi yake, na kliniki hukifundisha vizuri. Lakini sehemu kubwa ya fedha iliyotupotea, usingizi tulioukosa na maneno makali tuliyorushiana sisi wenyewe kwa wenyewe vilitokana na vidude hivi: kipi kiko wapi, kilifunguliwa lini, kinaendana na kipi, na kikimaliza kazi kinakwenda wapi. Dozi ni ya daktari, hatuigusi hapa. Mengine yote ni ya nyumba.

Tuanze na bomba, maana kosa la bomba halisubiri mwezi wa pili. Insulini ya vichupa tunayopewa huku kwetu kwa kawaida ni ya yuniti 100 kwa kila mililita. Kwenye boksi huandikwa 100 IU/ml au U-100. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Bomba lake ni la insulini tu, limechorwa yuniti ubavuni, na huja kwa saizi tatu: la yuniti 30, la 50 na la 100. Mtego uko hapo. Kwenye bomba la 50, mstari mmoja mdogo huwa ni yuniti moja. Kwenye la 100, mara nyingi mstari mmoja ni yuniti mbili. Mtu aliyezoea la 50 na kuhesabu mistari 14, siku duka likiishiwa akapewa la 100 na akahesabu mistari ile ile 14, atakuwa amevuta yuniti 28. Hiyo ni dozi mara mbili, na sukari itashuka usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Kwa hiyo soma namba, usihesabu mistari, na kila ukinunua mabomba mapya yaweke kando ya lile la zamani uyalinganishe kabla ya kuvuta chochote.

Kuna bomba jingine la kuogopa, lile la U-40, ambalo kwa desturi huwa na kofia nyekundu, wakati la U-100 huwa na kofia ya rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, kila namba unayoisoma inabeba dozi mara mbili na nusu. Bomba la kawaida la mililita 2 au 5, lile la sindano za malaria, halifai kabisa: yuniti 10 za insulini ni sehemu ya kumi ya mililita, na jicho la binadamu haliwezi kuipima kwenye bomba nene namna ile.

Aliyeandikiwa insulini mbili za kuchanganya, moja nyeupe kama maziwa na nyingine angavu kama maji, ana kazi ya mikono inayotaka utulivu. Zungusha kichupa cheupe taratibu kati ya viganja, mara 10 hadi 20, mpaka weupe uenee na pasibaki kitu kitakoni. Usikitikise kwa nguvu, utaleta povu na povu litakula dozi. Vuta hewa ndani ya bomba, sawa na yuniti za insulini nyeupe, uiingize kwenye kichupa cheupe bila ncha ya sindano kugusa dawa, kisha chomoa. Vuta tena hewa sawa na yuniti za insulini angavu, iingize kwenye kichupa angavu, kipindue, uvute dozi yake. Gonga bomba kwa ukucha mapovu yapande juu, yasukume yarudi, hakiki namba. Mwisho choma kichupa cheupe na uvute mpaka jumla itimie. Angavu kwanza, nyeupe baadaye, kila siku. Ukigeuza, chembe za ile nyeupe zitaingia kwenye kichupa angavu na kuharibu mwenendo wake, nawe hutajua kwa nini dawa ya mlo imeanza kuchelewa. Ukizidisha yuniti moja ya nyeupe baada ya kuchanganya, usiirudishe. Mwaga yote uanze upya. Inauma kumwaga dawa, lakini kichupa kikichafuka hasara yake ni kubwa zaidi. Na glajini, ile ya saa 24, haichanganywi na insulini yoyote ndani ya bomba moja, ingawa nayo ni angavu.

Mapovu huwatia watu hofu isiyo yake. Povu dogo chini ya ngozi haliui mtu. Ubaya wake ni kukaa mahali pa dawa, ukachoma hewa ukidhani umechoma insulini.

Peni, kile kichomeo cha insulini chenye umbo la kalamu, ina adabu zake. Kabla ya kila dozi toa yuniti 2 hewani uone tone kwenye ncha, lisipotoka, rudia. Ukishachoma na kubonyeza hadi mwisho, hesabu mpaka 10 ndipo uchomoe, la sivyo tone la mwisho litabaki juu ya ngozi. Kisha ondoa sindano kwenye peni. Ikiachwa, joto la mchana hutanua dawa ikavuja, na baridi ya usiku huvuta hewa ndani.

Kuhusu mahali pa kuchoma, tumbo hupeleka dawa upesi kuliko paja, nawe uache nafasi ya vidole viwili kuzunguka kitovu. Kila sindano isogee upana wa kidole au zaidi kutoka ile ya jana. Watoto hupenda kuchomwa pale pale kwa sababu pameshakufa ganzi, na pale pale ndipo nyama huvimba ikawa uvimbe laini kama mpira. Dawa ikichomwa kwenye uvimbe ule huingia inavyotaka: leo haifanyi kazi, kesho inakuja yote kwa pamoja. Papasa kwa vidole kila wiki. Penye uvimbe pahamwe kwa miezi kadhaa, na siku ya kuhama mjulishe daktari, kwa sababu dozi iliyokuwa ikipotea pale sasa itafika yote.

Joto ndilo lililotupotezea dawa nyingi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka tarehe yake. Kikishafunguliwa, nyingi kati ya insulini huruhusiwa kukaa nje, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na karatasi yake, kwa wiki 4 hivi. Bandika kipande cha plasta kwenye kichupa siku unayokifungua, andika tarehe kwa kalamu. Usitegemee kumbukumbu. Hesabu nayo ifanywe mapema: mtu wa yuniti 36 kwa siku humaliza kichupa cha yuniti 1,000 kwa siku 27, hapotezi kitu. Mtoto wa yuniti 14 angekitumia kwa siku 71, maana yake zaidi ya nusu itamwagwa. Kwa mtoto huyo uliza kama kuna katriji, vile vichupa vyembamba vinavyoingia ndani ya peni, za mililita 3, zenye yuniti 300. Bei ya yuniti moja inaweza kuonekana kubwa, lakini zinazomwagwa ni chache.

Friji yenyewe inaweza kuwa adui. Friji nyingi za nyumbani hugandisha ukuta wa nyuma na sehemu iliyo chini ya kigandishio. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ile nyeupe huonyesha dalili, huwa na madonge au ukungu ulioshika ukuta wa kichupa kama barafu. Ile angavu inaweza kubaki angavu na bado ikawa maji matupu. Sisi tuliiweka kwenye droo ya mboga, ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko, mbali na ukuta. Kikopo hicho kinafanya kazi ya pili: mgeni akifungua friji kutafuta maji hakisukumi nyuma bila kujua.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Insulini haiharibiki kwa saa chache za joto. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa kufuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini walizozipima zilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Hilo si ruhusa ya kuiacha dirishani. Ni faraja kwa mama anayelia saa nane usiku kwa sababu umeme umekatika tangu magharibi: dawa ya mwanawe haijaharibika, alale.

Pasipo friji, mtungi wa udongo unatosha. Chukua mitungi miwili, mmoja uingie ndani ya mwingine, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Kichupa kiwe ndani ya kikopo kisichopitisha maji, mtungi ufunikwe kitambaa kibichi, uwekwe kivulini penye upepo. Kinachopoza ni maji kukauka, kwa hiyo hewa kavu ya Dodoma na Shinyanga hufanya kazi hii vizuri kuliko ya Tanga au Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu. Pwani mtungi husaidia kidogo tu. Huko mahali pazuri ni chumba kisicho na dari ya bati inayowaka, sakafuni, mbali na jiko. Na safarini usiweke insulini kwenye buti la basi wala pembeni ya injini. Chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, ikakaushwa, inaifikisha Mwanza salama. Barafu isiguse kichupa. Kwenye ndege ni mkoba wa mkononi, si mzigo wa chini.

Sasa stripu, ambazo ndizo zinazokamua mfuko kuliko yote. Anayepima mara nne kwa siku anahitaji 120 kwa mwezi. Kikopo kimoja huwa na 50 au 25. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua mashine, kwa sababu mashine ni ya siku moja na stripu ni za maisha. Kila mashine hula stripu za aina yake tu. Jamaa walio Marekani hutuma mashine nzuri kwa mapenzi kabisa, kumbe stripu zake hazipatikani Kariakoo wala Nairobi, na mashine inabaki sandukuni. Tena Marekani husoma sukari kwa miligramu na sisi kwa milimoli. Namba 90 kwenye mashine ile ni 5.0 kwetu, gawanya kwa 18. Ndugu akitaka kusaidia, mwambie kwanza jina la mashine uliyonayo, atume stripu zenye tarehe ndefu.

Zinapokuwa haba, usizipoteze kwa kupima kila asubuhi tu. Pima kwa jozi: kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada yake, leo chai ya asubuhi, kesho mchana, keshokutwa usiku. Kwa wiki moja utakuwa umeuona kila mlo, na daktari atapata kitu cha kusoma kwenye daftari. Bakiza nyingine za dharura, ambazo haziguswi ila mtu akitetemeka au akiugua.

Osha mikono kwa maji na sabuni, kausha. Hili si suala la usafi tu. Mtu aliyemenya embe na kugusa stripu kwa kidole kile atasomewa sukari ya embe. Tumeona 19 ikawa 8 baada ya kunawa. Kama dozi ingeongezwa kwa ile 19, hadithi ingekuwa nyingine. Spiriti si lazima, hukausha ngozi na ikibaki mbichi huharibu kipimo. Toboa ubavu wa kidole, si katikati ya ncha ambapo mishipa ya hisia ni mingi. Kidole cha kati, cha pete na cha mwisho ndivyo vya kutumia, ukiacha gumba na cha shahada kwa kazi. Kikopo cha stripu kifungwe papo hapo, mpaka usikie kile kilio cha kifuniko. Unyevu wa pwani huziharibu ndani ya siku chache, na stripu mbovu haisemi kuwa mbovu, inatoa namba tu. Usizihamishie kwenye kijaluba kingine ili zionekane nadhifu.

Jambo dogo la kuwafundisha wote nyumbani, hasa bibi na dada wa kazi: mashine nyingi zikiandika «HI» si salamu. Ni kwamba sukari imepita kipimo chake cha juu, nyingi zikiishia 33.3. «LO» ni kwamba imeshuka chini ya kinachopimika. Yote mawili ni ya kukimbilia hospitali, na kwenye «LO» sukari iingie kinywani kwanza akiwa bado anameza.

Hapo ndipo sukari yenyewe inapokuwa kifaa cha tiba, nayo ina mahali pake. Chini ya 4.0 kwa anayetumia insulini, au akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kununa bila sababu, kupepesuka, apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, soda yenyewe, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima, ikiwa bado chini rudia. Ikipanda, ale kitu kinachokaa, kama mkate au ndizi. Chokoleti na maandazi si ya dharura, mafuta huchelewesha. Aliyepoteza fahamu hatiwi kitu kinywani. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Weka sukari ya dharura sehemu tatu: kando ya kitanda, kwenye begi la shule na kwenye mkoba wa anayetoka naye. Pakiti ikiwa jikoni peke yake, itakuwa imekorogewa chai siku unayoihitaji. Mwalimu wa darasa naye aambiwe kwa sauti kwamba mtoto huyu akila peremende katikati ya kipindi, hafanyi utundu.

Tufike kwenye sindano zilizotumika, jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote tuliyopewa. Wiki ya kwanza watu huzitupa kwenye pipa la jikoni. Kisha siku moja mtoto mdogo anasema, «Mama, nimekanyaga kitu,» na unyayoni mna kisindano cha rangi ya samawati, kifupi, kimesimama. Nyumba nzima hunyamaza.

Chombo kinachofaa hakinunuliwi. Ni chupa ya plastiki ngumu yenye mfuniko wa kuzungusha, ile ya Jiki au ya sabuni ya maji. Chupa laini ya maji ya kunywa hutobolewa, ya kioo huvunjika. Andika ubavuni kwa kalamu nene: SINDANO, USIFUNGUE. Iwe juu ya kabati, palipo na bomba na dawa, ili sindano itoke mwilini na kuingia chupani bila kutembea chumba hadi chumba; sindano hupotea njiani. Visindano vya vidole viingie humo, na stripu zenye damu pia. Ikijaa robo tatu inatosha, usishindilie. Funga mfuniko, zungushia selotepu pana.

Kisha isitupwe kwenye taka. Mjini chupa ya plastiki ni mali. Waokota chupa wataichukua, wataifungua wamwage kilichomo, na mkono utakaochomwa ni wa mtu asiyekuwa na kosa. Usiichome moto uani, kwa sababu plastiki huungua na chuma hubaki kwenye majivu ambamo watoto hucheza pekupeku. Usiitumbukize chooni: vyoo vya shimo vya mjini hutapishwa, na bado wapo vijana wanaovitapisha kwa mikono. Irudishe kituo cha afya, waambie ni sindano za insulini, iingie kwenye taka zao zenye ncha zinazokwenda kwenye kichomea taka. Mara ya kwanza wanaweza kukutazama kwa mshangao, na kituo kimoja kilitukatalia. Ulizia kituo kingine au kliniki yako ya kisukari, usirudi nayo jalalani.

Anayemchoma mwingine asirudishe kifuniko kwa mikono miwili. Kifuniko kilale mezani, sindano iingizwe ndani yake kwa mkono mmoja. Ukichomwa na sindano ya mtu mwingine, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Kuhusu kurudia sindano, boksi linasema mara moja, na hilo ndilo sahihi. Tunajua pia kwamba nyumba nyingi hazimudu. Kama huna njia, iwe ni ya mtu yule yule peke yake, ifunikwe mara moja, isifutwe kwa spiriti kwa sababu huondoa ule ulaini wake, na siku inapoanza kuuma au kupinda iingie chupani. Peni nayo haiazimwi hata kwa kubadilisha sindano, damu inaweza kurudi ndani ya katriji. Kwa watoto na vijana, ulizia miradi inayotoa insulini na vifaa bure. Changing Diabetes in Children ulianza mwaka 2009, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Chama cha Kisukari Tanzania ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Kuna familia zimeuza kiwanja kabla ya kuuliza swali hilo.

Yapo mambo yanayojitokeza ukishaanza kuzoea. Moja ni aibu. Mtu huenda harusini akajificha chooni kuchoma, pasipo mwanga, akakosea namba. Bora achome mezani, kanga ikimfunika. Jingine ni wale shangazi wanaosema ukishaanza sindano ndiyo mwisho. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto, alikuwa ukingoni mwa kaburi Januari 1922, na sindano ndiyo iliyomrudisha.

La tatu ni siku za ugonjwa, na hili lishikeni sana. Mtoto akitapika hali chakula, moyo wa mzazi husema tusimchome. Insulini ya msingi, ile ya muda mrefu isiyotegemea mlo, haiachwi. Homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na kuacha dawa ndiko kunakoleta tindikali kwenye damu. Pima kila baada ya saa chache, mpe maji kidogo kidogo, mpigie daktari kuhusu dozi. Sukari ikipita 14 naye anatapika, anahema kwa kina na upesi, au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, nenda hospitali sasa, na sentensi ya kwanza mapokezi iwe «ana kisukari, anatumia insulini». Wasipoambiwa, wataanza kutafuta malaria.

Kwa Ramadhani, mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wenye kisukari cha aina ya kwanza kwa kawaida hushauriwa wasifunge. Anayefunga kwa ushauri apime mchana bila wasiwasi, na afungue papo hapo ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7.

Vitu vyetu sasa vina kapu moja lenye mfuniko, na kapu lina rafu yake. Kila Ijumaa jioni linamwagwa mezani na kuhesabiwa: stripu zimebaki ngapi, mabomba mangapi, plasta ya kichupa inasema tarehe gani, betri ya akiba ya mashine ipo, kwa yetu ni ile ya duara CR2032. Ijumaa, kwa sababu kinachopungua bado kinaweza kununuliwa Jumamosi asubuhi kabla maduka hayajafungwa. Siku ya kliniki anayekwenda hubeba daftari, temosi, na chupa ya sindano iliyofungwa selotepu. Chupa huachwa kule. Vichupa vipya vikifika nyumbani huingia kwenye droo ya mboga, vya zamani vikisogezwa mbele, na chupa nyingine ya Jiki, iliyokwisha kusuuzwa na kukauka, huandikwa ubavuni na kupandishwa juu ya kabati.